Mashine ya Nduta na Mlango wa Thelathini na Tatu

Nikianza na mahali nilipokosea, huenda mkanivumilia nitakapofika mahali nilipopatia. Naandikia ninyi mnaofungua vibanda vya kompyuta kutoka Makongeni mpaka Ruiru, ninyi mnaonipita asubuhi mkisema "niaje mzee" kisha mnacheka nikijibu "poa". Sikusoma sana. Shule niliiacha kidato cha pili, na Kiswahili changu mtakiona kikichechemea hapa na pale. Lakini nilikuwa na daftari. Kila mashine iliyopita mikononi mwangu niliiandika: imekuja na ugonjwa gani, nimeifanya nini, imekataa wapi. Daftari hizo ziko ndani ya kreti la soda chini ya kitanda, na mke wangu huniuliza kila mwaka kama zinaweza kuwashia jiko.

Niliamini mtu anayeandika kila kitu hawezi kumkosea mtu. Mtaona.

Miaka yangu ya mwisho kazini, kazi ilikuwa moja hasa: kuchukua programu zilizotengenezewa Windows na kuzifanya zikae ndani ya Linux. Ninyi mnajua, lakini nieleze kwa asiyejua. Linux ni mfumo ambao walioutengeneza wameuacha wazi. Unaupata bure, unaweza kuangalia ndani yake na kumpa mwenzako. Windows unainunua. Wateja wangu wengi walikuwa na kompyuta za mitumba, zenye Windows ya kunakiliwa na mtu asiyejulikana, zimejaa virusi mpaka kuwaka ni shida. Kusema haki, ubaya haukuwa wa Windows. Ungewapa ile halali, kwa kompyuta inayoiweza, wangefanya kazi yao vizuri tu wala wasingenihitaji. Nasema hivyo kwa sababu kuna wakati nilihubiri Linux kama mtu aliyeokoka juzi, na nilikosea.

Shida ni kwamba programu ya Windows haielewi Linux. Hapo ndipo inapoingia Wine. Vijana huniuliza, "Mzee, Wine ni kompyuta ndani ya kompyuta?" Hapana. Mmeona kanisani pale mhubiri mgeni anapohubiri Kiingereza na mkalimani amesimama kando yake anageuza kwa Kikuyu? Wine ni huyo mkalimani. Programu inasema, "Nipe karatasi ya kuandika," kwa lugha ya Windows. Wine anageuka anaiambia Linux, na Linux inatoa karatasi. Mkalimani mzuri hutasikia hata kama yupo. Lakini kuna siku mhubiri anafanya mzaha mgumu, na mkalimani anasema tu, "Ametania, chekeni." Hapo ndipo kazi ya fundi inaanza.

Mfano. Kuna karani wa kanisa moja kule Ruiru nilimwekea programu yake ya zamani ya kupangia karatasi za harusi na mazishi. Ilifunguka vizuri, tukashikana mikono. Jumamosi watu wakapewa karatasi za harusi, na kila mahali palipotakiwa kuwa na zile herufi zetu za Kikuyu zenye kofia pamekaa kisanduku kitupu. Bibi harusi jina lake lilikuwa nusu visanduku. Karani alinipigia simu akiwa bado ndani ya kanisa. "Fundi," akanong'ona, "mama mkwe ananiuliza kama hii ni nambari ya siri." Ilikuwa ni kukosa fonti tu, yale maumbo ya herufi. Programu ilikuwa imezoea kuzikuta kwenye Windows, na mimi sikuiletea. Tangu hapo niliandika kwenye jalada la daftari: FONTI KWANZA. Na niliandika pia: kila programu ipewe folda yake peke yake, na Wine yake. Ukizichanganya, ukitibu moja inaugua nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mutua, marehemu sasa. Tulianza pamoja kwa taipureta, mjini Thika, tukiwa tumekaa kwenye ndoo za rangi zilizopinduliwa. Taipureta zilipoisha akaingia kwa kompyuta bila kuogopa, akanivuta. Mutua hakugusa mashine ya mtu kabla ya kumwambia mwenyewe, "Hebu fanya kazi yako kidogo nione." Anakaa, anatazama mikono ya yule mtu. Nilidhani anapumzika. Ni yeye pia aliyenionyesha namna ya kuunganisha mashine za zamani kupitia Wine. Programu za zamani zinatoa data kupitia milango yenye nambari, mlango wa kwanza, wa pili, hivyo. Mutua alikuwa anaandika mstari mmoja tu kwa kibodi, anauambia mlango wa kwanza, "Wewe sasa ni waya huu," na mambo yanaenda. Nilishika mstari huo kichwani kama sala ya Baba Yetu. Nilikuja kuutumia miaka mingi baada yake bila kuuliza kama bado uko sawa.

Sasa Kiganjo, mtaa wa hapa Thika.

Mama Hamida ana karakana ya kudarizi, vyumba viwili vilivyounganishwa, kwenye koridori moja yenye mafundi wa nguo wanne na mama mmoja anayeuza vifungo na zipu. Anadarizi nembo za shule kwenye sweta. Ana mashine kubwa yenye vichwa vinne na sindano nyingi, na kompyuta moja inayoilisha michoro kupitia waya. Programu ya michoro ilikuja na mashine hiyo, ni halali, na hufanya kazi kwa Windows tu. Anayeendesha mashine ni Nduta, mama wa makamo kama mimi, mwenye miwani ya kamba na mazoea ya kuongea na uzi unapokatika.

Shule zilikuwa zikileta michoro kwa flashi, na flashi zikileta virusi. Kompyuta ikafa mara tatu kwa muhula mmoja. Mama Hamida akaniita.

"Nitakuwekea Linux," nikamwambia, "na programu yako itakaa ndani ya Wine."

"Wine?" Akanitazama. "Karanja, unaniletea mvinyo ndani ya nyumba ambayo tunaswali?"

"Ni jina tu, Mama Hamida. Haina kileo."

"Na ikilewa?"

"Haitalewa."

Nduta akasema bila kuinua macho kwenye sindano, "Huyo mwenyewe ndiye sijui kama hajalewa. Shule zinafungua wiki ijayo na anataka kutubadilishia kompyuta."

Alikuwa sahihi, na ningemsikiliza. Sweta za shule moja ya hapo karibu zilikuwa zimepangwa mpaka dirishani, na mwalimu mkuu alikuwa amesema kama hazitakuwa tayari siku ya kufungua, muhula ujao ataenda kwingine. Lakini kompyuta yenyewe ilikuwa imelala, na kitu fulani lazima kifanywe. Kwa hivyo sitajilaumu kwa kuibadilisha. Nitajilaumu kwa yaliyofuata.

Jumatatu hiyohiyo niliweka kila kitu. Fonti kwanza. Programu ikafunguka, michoro ikaonekana na rangi zake. Mashine haikupokea. Nikafurahi kidogo hata, kwa sababu nilijua dawa: programu ikiwa imefunguka vilevile, nikaandika ule mstari wa Mutua. Nduta akabonyeza, vichwa vinne vikashuka pamoja, na nembo ya shule ikaanza kujitokeza, jembe na kitabu. Mama Hamida akapiga makofi. Nikaandika kwenye daftari: Jumatatu, imekubali. Nikaenda nyumbani.

Jumanne asubuhi simu. Imekataa. Nikaja, nikaangalia, mlango wa kwanza haukuwa na waya wangu tena. Nikaandika mstari, ikakubali. Nikaandika: Jumanne, imekataa, ilifunguliwa na N. Nimerekebisha.

Jumatano vilevile. Nikaandika: Jumatano, imekataa, ilifunguliwa na N. Nimerekebisha.

Angalieni nilivyoandika. Nilidhani ni uangalifu.

Jumatano hiyo nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimeacha kazi ya mtu mwingine mara mbili kuja Kiganjo. Nikasimama mlangoni, nusu ndani nusu koridorini, nikasema kwa sauti ambayo hata mama wa vifungo aliisikia:

"Mama Hamida, hapa kuna mkono unaogusa. Mimi nikiiacha, iko sawa. Nikirudi, imeharibiwa. Na kwa daftari yangu, kila mara aliyeifungua ni mmoja."

Mafundi wa nguo wakaacha kukanyaga cherehani. Nduta akavua miwani.

"Ati nini?"

"Sijasema umefanya makusudi."

"Wewe sema tu vile umesema. Nimegusa nini?"

"Sijui. Labda unapofuta vumbi."

"Karanja, mimi nimekaa na hii mashine miaka kumi na moja. Wewe umekaa nayo siku tatu. Naijua ikikohoa. Sasa mimi ndio naiharibu?"

Mama Hamida alitazama sweta zilizofika dirishani, akanitazama, akamtazama Nduta. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu humwamini anayesema kwa uhakika. Sikuwa na uhakika. Nilikuwa na sauti tu.

"Nduta, mama," akasema polepole, "pumzika nyumbani kidogo. Mpaka tuelewe."

"Mpaka muelewe nini?"

"Kidogo tu."

Nduta akafungua aproni yake, akaikunja mara nne kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaiweka juu ya kiti. Akapita koridori yote na watu wakimtazama. Hakuna aliyemsalimu, na yeye hakusalimu mtu.

Alhamisi mashine ilifanya kazi kutwa. Mama Hamida mwenyewe alikuwa akiiendesha, polepole, na dada yake akimsaidia kufunga sweta kwenye fremu. Akanipigia jioni: "Leo haijasumbua hata mara moja." Na mimi, naandika kwa aibu, nilihisi vizuri. Nikaandika: Alhamisi, sawa. N. hayupo. Nikapiga mstari chini yake.

Ijumaa, saa nne hivi za asubuhi, stima, yaani umeme, ikapotea Kiganjo. Haikukaa, robo saa tu. Ikarudi. Baada ya dakika chache simu yangu ikalia.

"Karanja, imekataa."

"Nani ameifungua?"

"Mimi. Nani mwingine? Nduta si uko naye kwa daftari yako, lakini hapa hayuko."

Nilikaa kwenye kiti. Alhamisi haikuwa imesumbua kwa sababu Mama Hamida, kwa kuogopa kuiharibu, alikuwa ameiacha ikiwaka tangu Jumatano, usiku na mchana. Haikuzimwa. Ijumaa stima ndiyo iliyoizima.

Na Mama Hamida, kwa wema wake, akanipa njia ya kutokea. "Labda," akasema, "Nduta alikuwa ameshaiharibu kabla hajaondoka. Wewe njoo uifunge tu, mtu asiiguse tena."

Nataka msome hapo mara mbili, kwa sababu mtafika hapo siku moja. Ningeweza kukubali. Ningetafuta dawa, ningeirekebisha kimya kimya, ningesema "nimefunga, hakuna mkono utakaoingia tena", na koridori nzima ingenisifu. Jina langu lingebaki safi. Nduta angetafuta kazi kwingine, na kwa mama wa umri wake anayejua mashine ya aina moja, hapa Thika, huko kwingine ni wapi? Sitawadanganya kwamba sikufikiria. Nilifikiria kwa muda wa kikombe kizima cha chai.

Sikuwa na dawa lakini. Mstari wa Mutua ndio mwisho wa elimu yangu. Kwa hivyo nikaenda Kamakis kwa Wangeci.

Wangeci anasoma kompyuta za magari, kujua gari linaugua wapi. Yuko ndani ya kontena kando ya gereji, na moshi wa nyama choma wa majirani unaingia kwake mpaka laptop zake zinanukia mbavu. Programu zake za kupimia magari ni za Windows, na yeye huziendesha kwa Linux kwa waya, kila siku. Mimi na yeye hatukuwa marafiki. Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba anayeshughulika na magari si fundi wa kompyuta. Nilisema hivyo kwa sababu mteja wangu mmoja alikuwa amehamia kwake.

"Karanja wa Thika!" akasema aliponiona. "Umepotea ama umetumwa?"

"Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza? Wewe? Ngai! Nyinyi wa gereji, njooni muone, mzee amekuja kuuliza mtu wa magari."

Wakaja kweli, wawili, na spana mkononi. Nikamweleza. Akanyoosha mkono: "Leta hiyo daftari yako maarufu."

Akaisoma akitafuna njugu. Akafika Jumatano, akarudi Jumanne, akafika Alhamisi palipopigwa mstari.

"Hii N. ni nani?"

"Ni Nduta. Mama anayeendesha mashine."

"Asubuhi nani huwasha kompyuta hapo?"

"Nduta."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ndiye hufika mapema."

"Sasa kama anayewasha angekuwa askofu ungeandika A.?" Akaniwekea daftari magotini. "Umeandika mtu, hujaandika kitendo. Hapa ungeandika 'imekataa baada ya kuwashwa'. Ungeona siku ya pili. Ai, mzee. Na uliwahi kuizima na kuiwasha ukiwa hapo?"

Sikuwahi. Siku zote tatu sikuwahi. Nilikuwa nikirekebisha, inafanya kazi, naondoka na haraka zangu.

Akavuta laptop yake akanionyesha. Maelezo yake yalikuwa mafupi, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa, anayejua zaidi anisahihishe. Zamani ukiiambia Wine mlango wa kwanza ni waya fulani, ilishika neno lako. Ndivyo alivyonifundisha Mutua, na wakati huo alikuwa sawa kabisa. Siku hizi Wine ikiamka, inatembea yenyewe kuhesabu milango na kuipanga upya. Ule mstari wako inaufuta. Matundu yale ya zamani ya nyuma ya kompyuta inayapa nambari za mwanzo, hata kama hayana kitu, na waya wa kupitia USB, kama ule wa Mama Hamida, inauweka mbali, kwenye mlango wa thelathini na tatu. Na programu ya kudarizi ni ya zamani. Ilihesabu mpaka mlango wa nne ikachoka.

"Kwa hivyo inabisha kwa jirani," nikasema.

"Inabisha kwa nyumba haina mtu. Usiandike huko kwa milango. Andika ndani ya rejista ya Wine, ile daftari yake yenyewe, kuna mahali pa Ports, yaani milango. Sema mlango wa kwanza ni waya wa USB. Hapo ikiamka inasoma, inatii. Halafu hakikisha huyo mtumiaji ana ruhusa ya kutumia waya, umuingize kwa kundi linaloruhusiwa, atoke aingie tena. Halafu?"

"Halafu nizime."

"Uzime. Uwashe. Uzime tena. Halafu utoe mikono yako kwa hiyo meza, mwenye kazi awashe mwenyewe."

Nilimuuliza ananidai nini. Akasema nirudi siku moja nimwambie wale wa gereji kwamba yeye ni fundi wa kompyuta. Nikawaambia papo hapo, kwa sababu walikuwa bado wamesimama. Wakacheka, mmoja akasema, "Sisi tulijua, ni wewe ulichelewa."

Jumamosi asubuhi nilirekebisha kama alivyosema. Nikazima, nikawasha, mara nne. Kila mara vichwa vikashuka. Mama Hamida akainua mikono akashukuru Mungu, na mimi nikasema kabla ujasiri haujatoka:

"Mama Hamida, haikuwa Nduta. Ni mimi. Kila ilipozimwa ilikuwa ikisahau nilichoiambia, na sikuwahi kuizima nikaona. Angekuwa yeye, ungekuwa wewe, ingekuwa vilevile."

Akaketi juu ya gunia la sweta.

"Nami nilimtoa," akasema.

"Kwa neno langu."

"Kwa neno lako, lakini mdomo ulikuwa wangu. Sasa mpigie simu arudi."

"Simu haitoshi."

Nduta anaishi nyuma ya shule, si mbali. Nilimkuta nje anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliniona kutoka kwa lango na hakusimama.

"Umekuja kuangalia kama nimeiba waya?"

"Nimekuja kukwambia nilikosea." Nikamweleza yote, mlango wa kwanza, wa thelathini na tatu, stima ya Ijumaa. Sikuficha hata ile chai niliyokunywa nikifikiria kunyamaza. Alisikiliza akitoa mawe kwenye maharagwe, jiwe moja moja.

"Hayo ya milango sielewi," akasema mwishoni. "Lakini nimesikia hapo pa chai. Hapo hukulazimika kuniambia."

"Ningebaki nayo."

"Ubaki nayo au ulale nayo, shauri yako. Mimi nakuuliza hivi: uliposema kuna mkono, ulisemea wapi?"

"Koridorini."

"Basi."

Akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Tulitembea pamoja. Niwaambie ukweli, niliogopa, maana pale koridorini ndipo nilipokuwa nikipata kazi zangu nyingi. Mafundi wa nguo wana watoto wenye laptop, wana binamu wenye vibanda. Nani atampa kompyuta yake mtu aliyesimama akasema hadharani kwamba hajui alichokuwa akifanya?

Tulipofika, Nduta akasimama mlangoni, mahali pale pale nilipokuwa nimesimama Jumatano. Mama Hamida akatoka na ile aproni iliyokunjwa. Nikasimama katikati, cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine, na nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema Nduta hakugusa kitu, kwamba kosa lilikuwa la kazi yangu, kwamba niliandika jina la mtu mahali pa kuandika tatizo, na kwamba nilimsingizia mbele yao kwa hivyo nimekuja kumsafisha mbele yao. Nikamwomba msamaha nikimtaja kwa jina lake lote.

Mama Hamida akasema, "Na mimi, Nduta. Na mimi." Akamfunga aproni kwa mikono yake mwenyewe, mafundo mawili, kama anavyofungwa mtoto wa shule.

Nduta akaingia ndani. Akazima kompyuta. Akaiwasha. Nilikuwa nimeweka mikono mfukoni, mbali na meza, kama alivyoniagiza Wangeci. Kitufe kikabonyezwa. Vichwa vinne vikashuka, na uzi wa kijani ukaanza kuchora jembe. Nduta akainama akasikiliza, kama daktari kifuani.

"Haikohoi," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Toka hapo kwa mwanga."

Nikatoka kwa mwanga. Hamjui jinsi nilivyofurahi kufukuzwa. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia la viazi alilolibeba kutoka Ruiru kwa miguu. Sweta zilimalizika Jumapili alasiri, na Jumatatu watoto walivuka barabara na jembe na kitabu kifuani.

Lakini hiyo Jumamosi, kabla sijaondoka, nilipita koridorini nimeinamisha kichwa, nikijua biashara yangu pale imekwisha. Mama wa vifungo akanishika mkono wa koti.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Ukimaliza kujilaumu," akasema, akitoa simu ndani ya kopo la zipu, "hii yangu haichaji. Nilitaka kumpa mtu anayeweza kuniambia ikimshinda."